Sahani Sita za Krismasi

Mimi Krismasi huwa naianza mwezi wa saba. Watu wa kwetu Muheza hunicheka kwa hilo, hasa wifi yangu, ambaye Krismasi yake huianza tarehe ishirini na tatu: anakopa, anakula, anavaa, halafu mwezi wa kwanza anakuja kwangu kuomba hela ya daftari za watoto. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu kwamba mtu anayeuza vitumbua hawezi kungoja Desemba ifike ndipo ajue kuna sikukuu. Desemba kila kitu kinapanda, kuanzia jogoo mpaka iliki, na muuzaji anakutazama usoni akijua huna pa kwenda.

Kwa hiyo mwezi wa saba nanunua vifaranga. Nawalisha pumba na vitumbua vilivyoungua, na ikifika Desemba nina majogoo wanane wanaotembea uani kama wenye nyumba. Mchele nanunua ukiwa mpya, kwa mama mmoja anayeuleta kutoka Korogwe, nauhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na majani makavu ya mwarobaini ili wadudu wasiuguse. Viungo navinunua soko la Mgandini kidogo kidogo, wiki hii mdalasini, wiki ijayo pilipili manga, kiasi kwamba pochi haisikii maumivu. Chenji za Jumamosi zinaingia kwenye kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari, na nimepiga marufuku mtu yeyote kukitikisa, mume wangu akiwa wa kwanza.

Ukiniuliza kubana kote huko ni kwa ajili ya nini, wala si kwa ajili ya nguo wala mapambo. Ni kwa ajili ya sahani za majirani.

Tunakaa Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye zile barabara za namba, na katika safu yetu nyumba ya Kikristo ni moja tu, ya kwetu. Nyumba sita zinazotuzunguka ni za Waislamu. Idd zote mbili hatuwashi jiko. Kufika saa saba mchana meza yetu imejaa biriani, pilau, tambi za sukari, kaimati, na watoto wanachagua kama wako hotelini. Sasa mtu amekulisha Idd mbili kwa mwaka, halafu Krismasi yako wewe ufunge mlango ule na wanao? Haiwezekani. Krismasi inakuwa zamu yako. Unapakua pilau, unafunika kwa kawa, mtoto anavaa vizuri anapeleka. Sahani ikirudi hairudi tupu, itakuwa na sukari, au visheti, au hata maembe mawili ya uani.

Na ili majirani wale kwa amani, kuna taratibu zake, na mimi nilizishika zote. Kuku wangu huchinjwa na Muislamu. Sufuria la pilau ni la pilau tu. Nyama ya nguruwe haijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yangu tangu niolewe. Mume wangu akiitamani anaila huko huko kwao, na nikimpokea stendi nahakikisha amepiga mswaki. Wifi yangu husema mimi ni Mkristo wa Jumapili tu, siku nyingine zote naishi kama wenye mji. Mwache aseme. Yeye hajui raha ya kukaa na watu.

Katika zile nyumba sita, moja ilikuwa zaidi ya jirani. Ukuta wao na wetu ni mmoja, na uani tumetenganishwa na kaukuta kafupi ambako unaweza kupokezana chumvi bila kunyanyua kisigino. Mama wa nyumba ile ndiye aliyekuwa shoga yangu. Wazazi wake walitoka Pemba, yeye kazaliwa hapa hapa Tanga, ana mdomo mzuri na mkono mwepesi. Nilipomzaa mwanangu wa mwisho mama yangu alikuwa ameshatangulia, na ni shoga huyu aliyenikanda kwa maji ya moto arobaini nzima, asubuhi na jioni, akinitukana kwa upendo kila nilipopiga kelele. Mtu aliyekuona katika hali ile huwi tena na cha kumficha. Mimi ndivyo nilivyoamini.

Mume wake ananunua samaki Kigombe na kuwaleta mjini. Ni mtu mzima, mpole, mcheshi kwa sauti ya chini. Yeye ndiye aliyekuwa mchinjaji wetu. Kila tarehe ishirini na nne, asubuhi saa tatu, alikuwa akipita mlango wa uani na kisu chake mwenyewe kimefungwa kwenye gazeti. Anawaelekeza kuku kibla, anapiga bismillahi, anamaliza, anaosha kisu kwenye bomba, anaondoka. Ukimpa hela anacheka. Ukimpa soda anasema ina gesi. "Kazi ya dakika kumi hii, shemeji," alikuwa akiniambia, "unataka kunilipa kama daktari?" Basi mimi malipo yake nilikuwa nayaweka kwenye sahani. Sahani ya nyumba ile ilikuwa na mapaja mawili badala ya moja, na juu kabisa niliweka firigisi, kwa heshima yake.

Mwaka juzi mambo yalikuwa maji ya shingo. Mume wangu ni fundi mwashi, na mwenye jengo alilokuwa akilijenga alisimamisha kazi katikati, nyumba ikabaki madirisha matupu na mafundi wakabaki mikono mitupu. Kibubu nilikivunja mwezi wa kumi, kwa chozi, tukala. Kilichobaki kufika Desemba ni majogoo wangu na mchele wa kwenye ndoo. Vingine vyote vilitakiwa kutoka kwenye vitumbua vya kila siku.

Na mwaka huo huo binti yangu, aliyekuwa darasa la sita, alichaguliwa kuimba peke yake ubeti mmoja kanisani siku ya Krismasi. Nilikuwa nimemwahidi viatu vyeupe tangu mwezi wa nane. Tulishavipitia dukani mara tatu, akavijaribu, akamrudishia muuzaji kwa mikono miwili kama kitu cha kuvunjika.

Wifi alikuja wiki mbili kabla, akaketi jikoni kwangu, akapiga hesabu yake bila kalamu. "Acha sahani za watu mwaka huu. Uza kuku watano, mafuta na viungo vya sufuria kubwa usinunue, una viatu na chenji inabaki. Krismasi yako wewe unawashibisha wasiohusika nayo!" Nilimjibu vibaya. Lakini alipoondoka nililala na maneno yake, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sawa.

Kesho yake nikaamua kuweka aibu pembeni. Nilikwenda kwa shoga yangu, maana nilijua yeye akinielewa wengine watano nitawaweza. Nilimkuta anachambua mchele, nikakaa naye, nikachambua. Nikamwambia, "Shoga, mwaka huu nimebanwa. Fundi hana kazi, na mtoto anataka viatu vya kuimbia. Sijui kama nitaweza sahani."

Hakuinua macho kwenye ungo. Akasema, "Usiseme hivyo, shoga'ngu. Japo sahani moja ndogo. Krismasi bila mkono wako sisi humu ndani hatuioni kuwa Krismasi."

Nilirudi nyumbani nimefura kwa furaha, mjinga mimi. Nilijiona mtu anayehitajiwa. Na huwezi kupeleka sahani moja safu nzima ikiona, ukipika umewapikia wote. Kwa hiyo nilipika kwa wote. Shemeji akaja na kisu chake, majogoo wanane wakaenda, mafuta nikayakopa, na usiku wa mkesha binti yangu alivipaka rangi nyeusi viatu vyake vya shule, akavisugua kwa kitambaa mpaka vikang'aa. Nilimwambia mwakani. Akasema, "Sawa, mama." Hakununa, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu mtoto akinuna unapata pa kumkemea.

Aliimba vizuri. Watu walimtazama usoni, mimi nilimtazama miguuni. Tuliporudi ndiye aliyezisambaza sahani zote sita, kwa viatu vile vile. Ya shoga yangu ilirudi na sukari nusu kilo na salamu, na binti alizifikisha akiigiza sauti: "Mwambie mama mkono wake mtamu, tumejilamba vidole hadi vimekwisha!" Tulicheka. Nikasema moyoni, basi viatu vimekwenda mahali pake.

Siku ya tatu yake nilikuwa barazani asubuhi na karai langu. Pale kona kuna duka la vifaa vya ujenzi, na mlinzi wake wa zamu ya usiku, mzee wa Kishambaa kutoka Lushoto, kila akitoka kazini hupita kwangu kwa vitumbua vinne na chai. Siku hiyo alikula, akajifuta mkono, akasema, "Mama, sijakushukuru pilau."

Nikamwambia sikumpelekea pilau, na nikaona haya, maana ni kweli sikuwahi kumfikiria.

"Si ile anayoniletea jirani yako," akasema. "Kila Krismasi. Anakuja nayo jioni kwenye bakuli la plastiki, anasema jirani yake Mkristo kapika, imemzidi. Nami nikajua tu ni wewe, kwani mtaa huu Wakristo si wewe na mimi? Kila mara mapaja mawili! Na firigisi imo! Nikasema huyu mama anapika kwa ukarimu."

Nilimuuliza, kila Krismasi tangu lini. Akahesabu kwa vidole. Tangu alipoanza kazi pale, miaka mitatu, na yule mlinzi aliyemwachia zamu alikuwa amemwambia kwamba Krismasi pilau huwa inakuja.

Nilimwongezea vitumbua viwili bure, sijui kwa nini. Maana yeye hakuwa na kosa lolote, na kati ya watu wote waliosema chakula changu kitamu, ni yeye peke yake aliyekuwa amekionja.

Nilikaa na jambo lile wiki nzima. Nilitafuta njia ya kumtetea. Nikasema labda mwaka huu tu walishiba. Labda wageni. Lakini kila nilipofika mwisho wa utetezi nilizikuta zile salamu za kujilamba vidole, na hapo utetezi wote unaanguka. Mtu asiyekula na akanyamaza, huyo naweza kumwelewa. Mtu asiyekula halafu akanisifia ladha, huyo alikaa akaitunga ile sifa.

Nilimwendea mchana, mumewe akiwa Kigombe. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Sikuzunguka. Nikamwambia najua pilau yangu inakokwenda.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kakwambia?"

Sitalisahau. Hakusema si kweli. Hakusema nisamehe. Alitaka kujua nani.

"Haidhuru nani," nikasema. "Tangu lini?"

Akaendelea kukuna kidogo, kisha akaacha. "Tangu nianze darasa la dini. Mwaka wa nne huu. Ukhti wetu, yule mwalimu, alitusomesha kuhusu vyakula vya sikukuu zenu, kwamba ukila umeshiriki. Moyo wangu ukaingia wasiwasi, shoga. Wallahi si wewe. Wala si usafi wako."

"Dini yako sina ugomvi nayo. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ungenuna."

"Ningenuna siku mbili! Ya tatu ningekutumia sukari na unga mbichi, ukajipikia mwenyewe, yakaisha. Kwani sisi ni watu wa kufichana?"

Akainamisha kichwa. Nikaona nimwambie na lile lililokuwa likinichoma zaidi, kwa sababu nilijua nikirudi nalo nyumbani litanioza tumboni. "Nilikuja nikaketi hapa hapa. Nikakwambia sina, mtoto anataka viatu. Mlango ulikuwa wazi, ulitakiwa kusema tu, usijali shoga, mwaka huu acha. Wewe ukaniambia japo sahani moja ndogo. Ya mlinzi!"

"Niliogopa ungeshangaa kwa nini nimekubali upesi," alisema. "Ungeanza kuulizauliza."

"Binti yangu aliimba na viatu vya shule."

Hapo akalia. Alilia kweli, hakuwa akijiliza, nazi iliyokunwa imemjaa vidoleni. Zamani ningemshika bega. Siku ile nilichukua viatu vyangu mlangoni nikatoka, na hakuna mtu mwingine katika mji huu niliyewahi kumwacha analia.

Mwaka uliofuata tulisalimiana kama watu waliokutana benki. "Habari za asubuhi." "Nzuri." Idd ilipofika alileta sahani kama kawaida, watoto wakala, mimi nikasema nimeshiba. Nilirudisha sahani na sukari, kwa sababu sikutaka aseme sina adabu. Majirani waliliona jambo lakini hawakulijua, na mimi sikumwambia mtu. Ningesema nini? Kwamba nimevunjika moyo kwa sababu ya wali?

Kusema kweli nilimkasirikia na mume wake. Yeye hata zaidi. Nilisema, huyu mzee anakuja na kisu chake, anasoma bismillahi yake, anawachinja kwa mkono wake, halafu nyama aliyoihalalisha mwenyewe anaikataa! Mkewe ana ukhti wake wa kumtia wasiwasi, yeye ana nini? Kila alipopita na ndoo yake ya samaki akaniita shemeji, nilimwamkia shikamoo kavu, isiyo na kicheko ndani yake. Aliitikia vile vile, kwa upole, na upole ule nikauona ni wa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Krismasi iliyopita nilipanga mapema. Sahani tano. Majogoo sita wangetosha, wawili niliwauza mwanzoni mwa Desemba kabla soko halijajaa, na fedha yake ikamnunulia binti viatu vyeupe, namba mbili zaidi ya vile alivyovijaribu siku zile. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kubana matumizi ya sikukuu kwa kumpunguza mtu, na nilishangaa ilivyokuwa rahisi. Kuhusu kuchinja, nilishazungumza na mwenye bucha ya barabara ya pili aje saa nne, nikamlipa kabisa. Sikutaka fadhila ya mtu.

Tarehe ishirini na nne, saa tatu, mlango wa uani ukapigwa hodi. Alikuwa shemeji, na gazeti lake mkononi.

Hakuna aliyemwita. Alisema aliona nimechelewa kumkumbusha, akadhani nimezidiwa na kazi. Nilisimama pale na mwiko, nikatafuta neno la kumkatalia mtu mzima mlangoni, sikulipata. Akawaelekeza kuku kibla. Akapiga bismillahi, mmoja baada ya mwingine. Upande wa pili wa kaukuta shoga yangu alikuwa anaanika nguo. Nilikuwa naona mikono yake tu, na vibanio.

Alipomaliza akaosha kisu, lakini hakuondoka. Akawa anakifuta na kukifuta.

"Shemeji," akasema, "nikuombe kitu, usinione mroho. Mwaka huu nibakishie japo ukoko wa chini ya sufuria. Najua wageni wenu wengi, mke wangu huniambia kila mwaka kwamba chakula kiliwaishia hakikufika kwetu, na sina neno, sikukuu ndivyo zilivyo. Lakini harufu inavuka ukuta huu. Miaka minne nalala nayo."

Mikono ya upande wa pili ilisimama kwenye kamba.

Miaka minne mzee huyu alikuwa amekuja na kisu chake bure, akiamini sisi ni watu tunaochinjiwa na tusirudishe hata kijiko. Sahani zilifika mchana yeye akiwa kwenye samaki wake, na jioni zilikuwa zimeshahamia kwa mlinzi. Alituona wachoyo na bado akaja. Na mimi mwaka mzima nilikuwa nimemnyima kicheko. Shoga yangu hakuwa amenidanganya mimi tu. Alikuwa amelitia doa jina langu ndani ya nyumba yake, kila Krismasi, kwa mtu niliyekuwa namwekea firigisi.

Nilipanua mdomo nimwambie. Neno lilikuwa tayari ulimini, lote, na mlinzi wake na bakuli lake la plastiki. Kisha nikaona uso wa shoga yangu umejitokeza juu ya ukuta, nusu tu, macho na paji. Haukuwa ukiniomba kwa maneno.

"Nisamehe, shemeji," nikasema. "Kweli wageni walikuwa wengi. Kesho njoo ule hapa hapa kwangu, na ukae uongezewe."

Uso wake ulichangamka. Akageuka akamwita mkewe, "Umesikia huko? Tumealikwa kesho!"

Nilingoja. Nilikuwa nimembeba mgongoni mbele ya mume wake, na sasa alikuwa na nafasi, mchana kweupe, sote watatu tukisikilizana, ya kusema neno moja la kweli. Hata angesema tu, mimi sili, darasa limenizuia, ningemheshimu. Pengine tungeanza upya kutokea hapo.

"Nenda tu wewe," alisema. "Vyakula vyao vya wageni wengi vinanisumbua tumbo."

Mzee aliona haya kwa ajili yake. Akanisogelea, akapunguza sauti. "Msamehe, shemeji. Nadhani bado ana kinyongo cha zile sahani ambazo hamkutuletea."

Nikamwambia nimemsamehe. Sijamsamehe mpaka leo.